Mizani ya Diski: Mhadhara juu ya Kusawazisha Amana Zilizotawanywa katika Seva Nyingi



Jambo nililokuja kulizungumza mbele yenu jioni hii halionekani kwa macho, wala aghalabu hapana aliulizaye mpaka siku liharibikapo. Nalo ni namna data za watu, barua zao na picha zao, daftari za wagonjwa, hesabu za mabenki na vipimo vya wanazuoni, zinavyogawiwa baina ya diski mamia au maelfu zilizofungwa pamoja zikatumika kama hazina moja. Watu wa kazi hii huliita kundi hilo klasta, nami nitalitumia jina hilo hilo. Muradi wangu ni kuthibitisha neno moja, na mengine yote nitakayoyasema ni matawi yake: kwamba uwezo wa klasta haupimwi kwa jumla ya nafasi iliyomo, bali kwa nafasi iliyobaki katika ile diski iliyojaa kuliko wenzake wote, na madhali ni hivyo, kusawazisha si pambo la kazi, wala si shughuli ya kuahirishwa mpaka mtu apate faragha, bali ni sehemu ya hazina yenyewe.

Na tuanze na sababu ya klasta kuwapo. Diski moja, hata iwe kubwa namna gani, ina aibu mbili zisizotibika: ina mwisho, na ina mauti. Mwisho wake ni kiasi cha terabaiti iwezayo kubeba. Na mauti yake hayana miadi, kwani diski iliyofanya kazi vema jana yaweza kunyamaza leo pasipo kutoa dalili. Kwa ajili ya aibu ya kwanza mafundi waliamua kuzifunga diski nyingi pamoja, na kwa ajili ya ile ya pili waliamua kwamba kila kipande cha data kiwe na nakala zaidi ya moja, aghalabu tatu, na kila nakala ikae katika seva iliyo mbali na wenzake, na ikiwezekana katika raki nyingine kabisa, yaani kabati jingine la seva, ili kukatika kwa umeme wa raki moja au kuharibika kwa seva moja kusiweze kufuta amana ya mtu.

Mwaka 2003 wahandisi watatu wa Google, yaani Sanjay Ghemawat, Howard Gobioff na Shun-Tak Leung, walichapisha makala mashuhuri juu ya mfumo wa mafaili walioujenga kwa misingi hiyo. Kila faili lilikatwa vipande vya megabaiti 64, kila kipande kikawekewa nakala tatu, na seva moja kuu ikashika daftari lenye kuonyesha kila nakala ilipo. Seva hiyo kuu ilipotaka pahali pa kuweka nakala mpya ilizitazama kwanza seva ambazo diski zake zimetumika chini ya wastani. Lakini wahandisi wale walikuwa na busara ya kuongeza sharti la pili, kwamba seva moja isitwishwe nakala nyingi mpya kwa wakati mmoja, kwa kuwa kipande kipya aghalabu hufuatwa upesi na maandiko mengi. Mashine tupu iliyoingizwa leo huvutia kila mzigo, na mizigo yote ikielekezwa huko kwa pamoja, ile iliyoletwa kuwapunguzia wenzake taabu huwa ndiyo ya kwanza kulemewa. Basi tangu mwanzo wa ilmu hii ilifahamika kwamba kusawazisha kuna upande wa nafasi na upande wa wakati, na mwenye kuuangalia mmoja akausahau wa pili hakusawazisha.

Ama daftari moja kuu, pamoja na faida zake, lina udhia wake: kila mwenye kutaka kitu hana budi kuliuliza, na klasta ikikua daftari nalo hukua mpaka likawa ndilo kizuizi. Hii ndiyo sababu wanazuoni wengine waliifuata njia isiyo na daftari. Katika Chuo Kikuu cha California, mjini Santa Cruz, Sage Weil na wenzake walitangaza mwaka 2006 mfumo uitwao Ceph, na mwaka huo huo wakatangaza kanuni iitwayo CRUSH, ambayo ndiyo moyo wa mfumo huo. Katika Ceph jina la kila kitu hupitishwa katika hesabu ya hashi, nayo hutoa tarakimu inayofanana na ya bahati nasibu, ila kwa jina lile lile hutoa tarakimu ile ile daima. Kwa tarakimu hiyo kitu hutiwa katika mojawapo ya mafungu yaliyowekwa, na kila fungu hupangiwa diski zake na CRUSH, ambayo huisoma ramani ya klasta nzima: diski zipi zimo katika seva ipi, seva zipi zimo katika raki ipi, na uzito wa kila diski, ambao kwa desturi hulingana na ukubwa wake. Mwenye ramani hiyo hukokotoa mwenyewe pahali pa kitu akitakacho, wala hana haja ya kumuuliza mtu.

Yamkini mmoja wenu atauliza kwa nini hesabu isiwe nyepesi zaidi, kwamba tarakimu ya hashi igawanywe kwa idadi ya diski na baki litaje diski ya kuhifadhia. Jibu lake ni kwamba hesabu hiyo hufaa maadamu idadi haibadiliki. Klasta yenye diski 10 ikiongezewa moja zikawa 11, kwa hesabu ya baki sehemu 10 katika kila sehemu 11 za data, yaani yapata asilimia 91, zitatakiwa zihame, ilhali haki iliyostahili ni sehemu moja tu katika 11, kiasi cha kuijaza diski mpya. Ni kwa ajili ya kuiepuka hijra hiyo isiyo na faida ndipo David Karger na wenzake huko Massachusetts walipotoa mwaka 1997 kanuni ya hashi ambayo, idadi ya mashine ikibadilika, huhamisha kiasi kidogo tu cha vitu; na CRUSH, ingawa imejengwa kwa namna nyingine, imekusudia shabaha ile ile.

Sasa tumefika kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Watu wengi hudhani kwamba maadamu hashi haimpendelei yeyote, basi hapana shaka mgawanyo utakuwa sawa. Dhana hiyo ni batili, na ubatili wake umewagharimu wengi. Tuchukue klasta yenye diski 100, kila moja ya terabaiti 10, jumla terabaiti 1,000. Na ndani yake mna data terabaiti 700, nakala zote zikihesabiwa, na kila diski imepangiwa kwa wastani nakala za mafungu 100. Ilmu ya hesabu za bahati yatufundisha kwamba mkengeuko wa kawaida wa idadi hiyo ni karibu na kipeuo cha pili cha 100, nacho ni 10. Maana yake ni kwamba diski nyingi zitapata mafungu baina ya 90 na 110, lakini katika kundi la diski 100 haitakosekana moja itakayopata yapata 125, na nyingine itakayopata 75 tu. Basi klasta ambayo wastani wake ni asilimia 70 ina ndani yake diski iliyojaa asilimia 87 na nusu, na hapana fundi aliyekosea, wala mashine iliyoharibika, wala hila iliyofanywa. Ni bahati tu iliyofuata kanuni zake.

Na Ceph, kama ilivyotolewa na watengenezaji wake, imeweka mistari mitatu. Diski ikifika asilimia 85 hutoa onyo. Ikifika asilimia 90 hukataa kupokea data zinazohamishwa kutoka kwa wenzake. Na ikifika asilimia 95 maandiko mapya huzuiwa, mteja hawezi tena kuandika, hata kama diski jirani ina nafasi ya kutosha. Ukali huu una hekima, kwa kuwa diski iliyojaa kabisa haiwezi hata kufuta, madhali kufuta nako kunahitaji kuandika katika kumbukumbu za ndani, na mfumo uliofikishwa hapo hujikuta hauna njia ya kwenda mbele wala ya kurudi nyuma. Turejee basi kwenye klasta yetu. Data zikiongezeka kwa mgawanyo ule ule, diski ile ya asilimia 87 na nusu itagonga mstari wa mwisho baada ya kuongezwa terabaiti 60 tu katika klasta nzima, na saa hiyo terabaiti 240 zitakuwa bado tupu na hazitumiki. Lau diski zote zingalikuwa sawa, klasta hiyo hiyo ingalipokea terabaiti 250 kabla ya kuufikia mstari. Tofauti ya 60 na 250 ndiyo thamani ya mizani. Na taasisi iliyokwisha kutoa fedha ya kununua diski mpya, ilhali zake za zamani hazikusawazishwa, imenunua mara ya pili kitu ilichokuwa nacho.

Manahodha wa pwani walilijua jambo hili kabla ya mashine zote hizi, kwani jahazi lililopakiwa shehena upande mmoja huweza kulala na kuingiza maji hata likiwa limebeba nusu ya uwezo wake, na hapo mwenye mali haponi kwa kudai kwamba uzito wa jumla haukuzidi.

Dawa zake ni zipi? Dawa ya kwanza ni kuongeza idadi ya mafungu, kwa sababu mkengeuko hupungua, kwa kulinganishwa na wastani, kadiri idadi inavyokua: mafungu 100 kwa diski huleta mkengeuko wa asilimia 10, na mafungu 400 huleta asilimia 5. Lakini kila fungu lina gharama yake ya kumbukumbu na ya kazi, khasa klasta inapojirekebisha baada ya msiba, na kwa hiyo wenye uzoefu huelekea kwenye mafungu yapata 100 kwa kila diski. Fauka ya hayo, idadi ya mafungu ya kila hifadhi, yaani kila sehemu ya klasta iliyotengewa data zake na mafungu yake, yapasa iwe katika mfuatano wa 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kwani ikiwa nje ya mfuatano huo, baadhi ya mafungu huwa na ukubwa maradufu ya wenzake, na hapo hata kuyahesabu kwa haki hakuleti haki.

Dawa ya pili, iliyotumika kwa miaka mingi, ni kuishushia diski iliyojaa uzito wake ili kanuni iipangie mafungu machache zaidi. Dawa hii hufanya kazi, lakini ni kali na haina shabaha: mafungu yanayoondolewa huenda yatakakopelekwa na bahati, na huenda yakaangukia diski nyingine iliyokwisha kukaribia kujaa, ikawa fundi anaifuata leo diski hii na kesho ile. Tena katika kanuni ya awali kubadilisha uzito wa diski moja kuliweza kuhamisha data hata baina ya diski mbili zisizohusika na mabadiliko hayo. Kosa hilo lilirekebishwa katika toleo la Ceph la mwaka 2015, na tangu hapo data huhama kutoka kwenye diski iliyoguswa au kwenda kwake, basi.

Dawa ya tatu ndiyo iliyo bora, nayo ilikuja katika toleo la mwaka 2017. Watengenezaji wa Ceph waliongeza katika ramani orodha fupi ya mambo yaliyotengwa na kanuni, wakauita utaratibu huo upmap: kwamba fungu fulani, ambalo kwa hesabu lingalikaa katika diski hii, sasa likae katika diski ile. Programu ya kusawazisha huyahesabu mafungu ya kila diski, hifadhi moja baada ya moja, huitafuta iliyozidi na iliyopungukiwa, huhamisha fungu moja moja kutoka kwa ya kwanza kwenda kwa ya pili, wala haivunji sharti la kutokuweka nakala mbili katika seva moja au raki moja pale sharti hilo lilipowekwa. Na huendelea hivyo mpaka tofauti ibaki ya mafungu machache. Huu ni mfano mwema wa namna kanuni ya jumla na hukumu ya mtu mmoja mmoja zinavyoweza kusaidiana: kanuni hubeba kazi kubwa, na orodha fupi hurekebisha pale ambapo kanuni, kwa kutopendelea kwake, imemlemea mmoja.

Hata hivyo ningekuwa sikutimiza wajibu wangu lau ningewaachia dhana kwamba kuhamisha data ni jambo jepesi. Diski ya terabaiti 20 inayoandika megabaiti 200 kwa sekunde huhitaji karibu saa 28 ili ijazwe, nayo haifanyi kazi nyingine yoyote. Na katika klasta ya kweli diski ile ile, kwa mkono ule ule unaosoma na kuandika, inatakiwa imhudumie mgonjwa anayesubiri picha ya mifupa yake na mwanafunzi anayesubiri kitabu chake. Kwa sababu hiyo programu ya kusawazisha imewekewa kikomo, kwamba kwa kawaida isiache zaidi ya asilimia 5 ya data ikiwa safarini kwa wakati mmoja. Huko CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva, ambako Ceph imetumika tangu 2013, wahandisi waliandika programu ndogo yenye manufaa makubwa: seva mpya ziingizwapo, na kanuni ikaagiza mara moja uhamisho mkubwa, programu hiyo huandika kwanza katika orodha ya upmap kwamba kila fungu libaki pale lilipo, kisha programu ya kusawazisha huziondoa amri hizo kidogo kidogo, na data huhama kwa utulivu, pasipo mtumiaji kuhisi lolote. Mfumo wa Hadoop nao, ambao hufuata njia ya daftari, una programu yake ya kusawazisha, na umeweka kipimo cha kadiri: seva ambayo matumizi yake hayakutofautiana na wastani kwa zaidi ya asilimia 10 huachwa kama ilivyo. Ukamilifu usio na kiasi hugharimu kuliko unavyofaa.

Lipo pia suala la akiba, ambalo watu hulisahau wakati wa neema. Seva ikifa, nakala zilizokuwamo hazina budi kujengwa upya katika seva zilizobaki. Klasta ya seva 10 zilizojaa asilimia 80 ikipoteza moja, zile 9 zitajaa yapata asilimia 89, nazo zimekwisha kuuvuka mstari wa onyo. Klasta ya seva 4 zilizojaa asilimia 70, hali ambayo machoni pa wengi ni salama, ikipoteza moja zilizobaki zingetakiwa zifike zaidi ya asilimia 93. Lakini kwenye 90 zitakataa kupokea, na matengenezo yatasimama katikati, data za watu zikiwa na nakala pungufu. Mwenye seva 4 anayetaka kubaki chini ya asilimia 85 baada ya msiba asivuke asilimia 63 siku za amani; mwenye seva 10 aweza kufika 76. Ama mwenye seva 3 na nakala 3, seva moja ikifa hana pa kuiweka nakala ya tatu, hata awe na nafasi kiasi gani, naye hana ila kungoja mashine yake ipone.

Na kuna usawa mwingine ambao hauonekani katika hesabu ya terabaiti. Diski ya kuzunguka ya terabaiti 20 haifanyi kazi kwa upesi mara tano ya ile ya terabaiti 4. Zote mbili aghalabu huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na vichwa vyao vya kusomea husafiri kwa kasi zinazokaribiana. Tukizichanganya katika klasta moja na kuzigawia kwa ukubwa, ile kubwa itapata data mara tano, na kwa hiyo karibu maombi mara tano, ikawa diski zote zimejaa kwa kadiri moja ilhali moja inalemewa na kazi na wenzake wamepumzika. Kwa ajili hii wenye hekima hununua seva zinazofanana, au hutenga diski za namna moja katika hifadhi yake, wala hawavutwi na bei nafuu ya diski kubwa mpaka wameuliza ni nani atakayezihudumia.

Mabibi na mabwana, katika nchi zetu za Afrika Mashariki vyuo, hospitali, mabenki na idara za serikali zinazidi kila mwaka kuweka amana za watu katika mashine zao wenyewe, na aghalabu kwa fedha iliyopatikana kwa taabu. Nawasihi wote walioshika dhamana hiyo wafanye mambo manne: waiwashe programu ya kusawazisha na kuiacha ifanye kazi yake taratibu, wahesabu akiba ya seva moja kabla ya kutangaza nafasi iliyobaki, wanunue seva zinazolingana, nyingi za kiasi kuliko chache kubwa, na wasingojee onyo la asilimia 85 ndipo waanze kufikiri, kwa kuwa kuhamisha data ndani ya klasta iliyojaa ni kazi ngumu maradufu. Na yeyote atakayeletewa ombi la kununua diski mpya na aulize kwanza ni diski ipi iliyojaa kuliko zote, na imejaa kiasi gani. Akijibiwa kwa wastani, asilikubali jibu hilo.